Kutoka Yangon hadi Myitkyina kwa kuifuata dha

Njia hii inaanzia Yangon na kuishia Myitkyina, mwisho wa reli ya kaskazini ya Myanmar. Imepangwa ili siku ya mwisho iangukie 10 Januari, Siku ya Jimbo la Kachin. Ilipitika hivi kabla ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021. Tangu hapo vita vimezifunga njia nyingi za majimbo ya Shan na Kachin, na tetemeko la 28 Machi 2025 liliipiga Mandalay na Sagaing vibaya sana. Anayetaka kuipita leo aulize kwanza hali ya kila mji. Anayetaka kuielewa dha anaweza kuifuata papa hapa.

Dha ni upanga wa Burma, jina la zamani la Myanmar: makali upande mmoja, mpindo mpole, mpini wa mviringo, bila kikinga mkono. Mfululizo wa hatua na mikato unaofundishwa nao huitwa aka. Wanafunzi wengi wa kigeni huikariri aka kwa mikono na miguu, kisha hushangaa upanga unapowakatalia. Kila mwendo wa aka umetokana na jinsi chuma, mti na kamba vilivyounganishwa, na ndiyo maana vituo vya safari hii ni vya wahunzi na masonara sawa na vya walimu.

Siku ya 1: Yangon, Makumbusho ya Taifa

Makumbusho yako Pyay Road, na hufungwa Jumatatu na sikukuu za serikali. Kwa hesabu ya safari hii, siku ya 1 ni 30 Desemba, kwa hiyo angalia kalenda kwanza. Siku hii na inayofuata zinaweza kubadilishana bila hasara.

Humo ndani kuna Kiti cha Simba cha mfalme Thibaw, kilichochukuliwa na Waingereza baada ya kuiteka Mandalay Novemba 1885, kikawekwa Calcutta na kurudishwa 1948. Upanga ulikuwa mmoja wa vitu vitano vya ufalme, pamoja na mwavuli mweupe, taji, ndara na usinga. Simama hapo kidogo, kisha nenda kwenye makabati ya silaha ukajifunze kuzisoma.

Anza na urefu. Dha nyingi za kupigania zina sentimita 70 mpaka 100 kutoka ncha hadi kitako cha mpini, na mpini peke yake huchukua robo hadi theluthi ya urefu huo. Dha-shay ni ile ndefu. Dha-lwe ni inayovaliwa begani kwa kamba. Dha-hmyaung ni fupi, ya kuchomekwa kiunoni. Dha-ma ni ya kazi: kuni, nyama, vichaka. Kisha tazama mgongo wa upanga kutoka juu: katika dha nzuri ni mnene karibu na mpini na hupungua taratibu kuelekea ncha, bila vilima. Mpindo nao hauko mahali pamoja katika kila upanga. Kuna unaojipinda kwa tao moja kutoka mpini, na kuna ulionyooka ukainuka katika theluthi ya mwisho tu. Ncha ndiyo inayoamua aka. Iliyoinuka hukata kwa kuteleza na huchoma vizuri; iliyokatwa mraba haichomi kabisa, na aka yake haina mwendo wa kuchoma.

Fedha iliyofunika ala haisemi lolote kuhusu chuma kilichomo. Wakati wa ukoloni serikali ilikuwa ikitoa dha zilizopambwa kwa fedha kuwa nishani ya ushujaa, pamoja na cheo cha Thuye-gaung Ngwe-da ya Min, ambacho mwenye nacho alikiandika T.D.M. baada ya jina lake. Ni vitu vya heshima, navyo visomwe kama nishani.

Siku ya 2: Yangon, ala kabla ya upanga

Mazoezi huanza alfajiri, kabla jua halijapasha saruji. Sanaa zote za kupigana za Burma huitwa thaing: bando ya mikono mitupu, naban ya mieleka, lethwei ya ngumi, na banshay ya silaha. Katika banshay mwanafunzi hushika kwanza dha iliyo ndani ya ala, akaendelea hivyo muda mrefu kabla hajaruhusiwa kuichomoa. Sababu moja ni ya kiadili: mwenye upanga anatakiwa aweze kumpokonya mtu silaha bila kumuua. Sababu ya pili ni ya kifundi, na ndiyo inayosahaulika. Dha haina kikinga mkono. Ukipokea pigo kwa makali, upanga wa mwenzako utateleza mpaka kwenye vidole vyako. Ala ndiyo ngao.

Ala ya kawaida ni vipande viwili vya mti vilivyochongwa shimo katikati, vikaunganishwa na kufungwa kwa pete za henzirani au za madini. Mshono hupita upande wa makali na upande wa mgongo. Hapo ndipo ajali ya kwanza ya wanaoanza hutokea: wanaizungushia ala vidole vyote, wanachomoa kwa nguvu, makali yanapasua mshono na kukata vidole vilivyoufunika. Kamata ala kwa upande wa mgongo, kidole gumba ubavuni, vidole vinne ubavu wa pili, na usiache kitu juu ya mshono wa makali.

Kuchomoa ni kwa tao. Mkono wa kulia unafuata mpindo wa upanga kwenda mbele na juu, na wakati huohuo mkono wa kushoto unairudisha ala nyuma kwa nyonga. Nusu ya urefu inatolewa na mkono, nusu inatolewa na kiuno. Anayevuta moja kwa moja husikia makali yakikwangua mti. Akiendelea hivyo, mdomo wa ala unapanuka na upanga huanza kuanguka wenyewe akiinama.

Kila saya, yaani mwalimu, ana mpangilio wake wa aka, lakini mfululizo wa kuanzia huwa na viungo hivi. Gadaw kwanza, heshima kwa walimu, ukiwa umepiga magoti na dha imelala mbele yako. Unasimama, mguu wa kushoto unarudi nyuma, unachomoa, na kule kuchomoa kwenyewe kunakuwa mkato wa kwanza, kutoka nyonga ya kushoto kupanda bega la kulia. Upanga haukomei hapo juu. Unazunguka nyuma ya kichwa na kushuka kwa mkato wa pili, bega la kulia kwenda goti la kushoto. Unaposhuka, ala iliyo mkono wa kushoto imelazwa kwenye mkono kuanzia kifundo mpaka kiwiko na imeinuliwa kufunika uso. Hatua ya tatu ni ya pembeni, nyuzi 45 hivi kutoka mstari wa adui. Bila kikinga mkono huwezi kusukumana panga kwa panga. Lazima uondoke njiani.

Kwenye kuzungusha nyuma ya kichwa kuna kanuni isiyo na msamaha: kinachopita karibu na mwili wako ni mgongo wa upanga, kamwe si makali. Kifundo cha mkono kikigeuka mapema, makali hupita juu ya bega lako mwenyewe. Jifunze kwa fimbo ya henzirani ya sentimita 90, unene wa sentimita 2.5, iliyopigwa mstari wa rangi upande mmoja kuwakilisha makali. Mwenzako akae nyuma yako, aseme kila anapouona mstari ule ukielekea mgongoni kwako.

Mpini wa mviringo una tabu yake. Haukuambii makali yanaelekea wapi, kwa sababu mkononi pande zote ni sawa. Anayeukaba kwa nguvu hupigisha ubapa: upanga unazunguka kiganjani wakati wa kugonga na kudunda. Dawa ni kuushika kwa vidole vitatu vya mwisho, shahada na gumba vikiongoza tu, na kusikiliza. Upanga uliokaa sawa hutoa mluzi mwembamba na mfupi hewani; uliogeuka hutoa sauti ya upepo mpana. Mpini mrefu pia unaruhusu mahali pawili pa kushika. Ukishika karibu na bapa, urefu wa mpini uliobaki nyuma unasawazisha uzito na upanga unageuka haraka. Ukishika kitakoni unapata urefu na uzito wa mkato, lakini kurudi kunachelewa. Aka nzuri huhama kutoka moja kwenda nyingine kwa kuuacha mpini uteleze kiganjani katikati ya mzunguko, na hilo ndilo jambo la kulifanyia mazoezi asubuhi nzima.

Mchana, kilomita 35 hivi kaskazini ya jiji, kuna makaburi ya vita ya Taukkyan. Makaburi ni 6,374, na nguzo za kumbukumbu zina majina karibu 27,000 ya askari wasiojulikana walipozikwa. Wamo askari wa Keya, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliokuja Burma na majeshi ya Afrika Mashariki na kupigana bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika. Msomaji wa Kiswahili akifika Yangon asipite bila kuyatembelea na kuyasoma majina hayo polepole.

Siku ya 3: treni ya kwenda Thazi

Reli ya Yangon–Mandalay hupita Bago, Taungoo, Naypyidaw, Yamethin, kisha Thazi, njia panda ya kwenda Shan. Hakuna cha kufanya ila kutazama mashamba, ila Yamethin inastahili maneno machache. Wilaya hiyo ina kijiji cha Mindan, kilichojulikana kwa dha za masimulizi: bapa limetiwa weusi, kisha likajazwa picha za watu na maandishi kwa fedha, mara nyingi hadithi za maisha ya awali ya Buddha. Uso wa chuma huchanjwa mistari midogo inayokatana, na uzi wa fedha hupigwa juu yake kwa nyundo mpaka uume mistari. Fedha hiyo ni nyembamba sana. Msasa au dawa ya kung'arisha huifuta hadithi nzima kwa mchana mmoja. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta mepesi, na weusi uuache ulivyo.

Siku ya 4: Thazi, Kalaw, Nyaungshwe

Treni inapanda mlima kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, kwa kuwa mteremko ni mkali mno kupandwa moja kwa moja. Kalaw iko mita 1,300 hivi juu ya bahari na Januari usiku ni baridi kweli, beba koti. Shuka Shwenyaung, na kwa gari ndogo fika Nyaungshwe, makao ya zamani ya mtawala wa Shan wa eneo hilo. Sao Shwe Thaik, aliyekuwa mtawala hapo, alikuwa rais wa kwanza wa Burma huru mwaka 1948. Kasri lake la msaji na matofali limefanywa makumbusho.

Siku ya 5: wahunzi wa ziwa Inle

Hii ndiyo siku ya kutofanya haraka. Mtumbwi wa mota unakufikisha kijiji cha wahunzi asubuhi, na ukifika utazisikia nyundo kabla hujaona moto.

Mivukuto ya hapa ni mitungi miwili ya mti iliyosimama wima, kila mmoja una fimbo yenye kizibo cha manyoya ya kuku. Mtu mmoja huketi juu, anapandisha fimbo moja na kushusha nyingine, upepo haukatiki. Moto ni wa makaa. Fuawe iko chini, karibu na usawa wa ardhi; mhunzi mkuu ameketi na koleo na nyundo ndogo, wengine watatu wamesimama na nyundo kubwa, wakipiga kwa zamu. Nyundo ndogo ndiyo inayosema: inagonga pale nyundo kubwa zinapotakiwa kutua, na ikigonga fuawe yenyewe, kazi inasimama.

Chuma ni springi bapa za malori. Ni chuma kizuri kwa upanga, maana kina kaboni ya kutosha kupata makali na kinavumilia kupindwa. Kasoro yake ni nyufa zisizoonekana kutokana na miaka ya kubeba mizigo. Mhunzi makini hukipasha kipande, akakiacha kipoe, akakitazama uso mzima kabla ya kupoteza makaa. Ufa mdogo huonekana kama unywele mweusi. Kipande hicho kinakwenda kuwa jembe, si upanga.

Kwanza kipande kinavutwa kwa kupigwa kingali na rangi ya chungwa, mpaka kiwe mchi wa sentimita 55 hivi, unene wa milimita 6 upande wa mpini na 3 upande wa ncha. Chuma kikirudi kwenye wekundu wa giza kirudishwe motoni. Kukipiga kikiwa kimepoa kunakipasua pembeni. Kisha mkia wa kuingia mpinini unachorwa, mfupi, sentimita 8 mpaka 10, unaochongoka.

Sasa unakuja mpindo, na watu wengi wanadhani mhunzi anaupinda kwa mkono. Mhunzi anapopiga upande wa makali ili uwe mwembamba, chuma cha upande huo kinatanuka na kuwa kirefu kuliko mgongo. Upande mrefu unausukuma upanga ujipinde kuelekea mgongo wenyewe. Kwa hiyo mpindo wa dha unazaliwa na nyundo ya makali. Mhunzi anayejua hilo huanza kwa kuupinda mchi kinyume, makali yakiwa ndani ya tao. Akimaliza kupiga makali, tao lile limefunguka, limepita mstari ulionyooka, na limesimama kwenye mpindo mpole anaoutaka. Anayeanza na mchi ulionyooka hupata mpindo mkubwa kuliko alivyokusudia. Anayeanza kwa kuupinda upande uleule wa mwisho hupata mundu, na kuunyoosha tena kunakunja makali.

Hapo ndipo aka ya asubuhi ya pili inapata maelezo yake. Mpindo mpole unafanya makali yafike kwa pembe hata mkono ukienda moja kwa moja. Kwa hiyo dha haihitaji kuvutwa kwa makusudi kama msumeno. Mzunguko wa bega na kiuno unatosha, na mkato unateleza wenyewe. Mwanafunzi anayeongeza kuvuta kwa kiwiko anapunguza nguvu na kuacha mbavu wazi.

Baada ya umbo, upanga unapashwa na kuachwa upoe hewani mara tatu, ili msongo wa nyundo utoke. Ukiruka hatua hii, upanga utajikunja kama nyoka wakati wa kuuzima. Kisha moto wa mwisho: sumaku isishike tena, na rangi iongezeke kidogo juu ya hapo, nyuzi 830 hadi 850 za Selsiasi kwa chuma cha springi. Kivuli ni muhimu, kwa maana juani rangi hudanganya na chuma huungua. Makali yanatumbukizwa, mgongo unabaki juu ya mafuta. Makali yanakuwa magumu na mgongo unabaki laini wa kuhimili mshtuko. Maji baridi kwa chuma hiki ni kamari. Ukisikia mlio mdogo, "tik", upanga umekwisha hata kama jicho halioni kitu. Mafuta yaliyopashwa kufikia nyuzi 50 au 60 ni salama zaidi, kwa kuwa yakiwa baridi ni mazito na hayapozi haraka. Na bapa liingie likiwa wima, makali chini, bila kuchezeshwa pembeni, la sivyo ubavu mmoja unapoa kabla ya mwingine na bapa linapinda upande.

Upanga ulioishia hapo ungevunjika kwa pigo la kwanza. Unasuguliwa ung'ae, kisha unapashwa tena taratibu kutoka upande wa mgongo huku rangi zikitembea kuelekea makali: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kisu cha jikoni husimamishwa kwenye njano. Upanga unafaa zambarau inayoanza kuwa buluu, karibu nyuzi 280. Wauzaji wanaojisifu kwa makali magumu mno wanauza upanga utakaomeguka.

Mpini hufungwa kwa lakiri. Unga wa lakiri unamiminwa ndani ya tundu, mkia unapashwa mpaka uyeyushe bila kuwa mwekundu, unasukumwa ndani na kuachwa usimame mpaka upoe. Shina la bapa lifungwe kitambaa kilichoroweshwa, au joto la mkia litalegeza ugumu wa makali. Lakiri hulainika kwenye joto la nyuzi 75 hivi, ambalo gari lililofungwa juani hulikaribia kwa urahisi. Dha iliyoachwa humo hurudi na mpini unaocheza. Kabla ya kila zoezi gonga kitako cha mpini kwa ngumi: sauti moja kavu ni nzuri, mtetemo au mlio wa pili maana yake lakiri imeachia. Dha ya zamani yenye mkia mfupi isigonganishwe kamwe. Kwa mazoezi ya wawili, agiza mkia unaofika angalau nusu ya mpini na msumari wa kupitisha.

Siku ya 6: soko na panga mbili

Soko la eneo la Inle huhama, kila mji siku yake katika mzunguko wa siku tano. Uliza nyumba ya wageni liko wapi. Wakulima huja kununua visu vya kazi, na ukishazoea unaweza kusoma mkono wa mhunzi kwenye dha-ma ya bei ndogo kuliko kwenye upanga wa watalii. Angalia makali kwa urefu wote dhidi ya mwanga: yakiwa na mawimbi, bapa lilipinda likanyooshwa baridi.

Kwa Washan upanga na ngoma havitenganishwi. Ngoma ndefu, patu na matuazi vinapigwa, na mchezaji anaingia na dha mbili, magoti yamekunjwa, hatua ndogo, viganja vikigeuka polepole. Ndugu zao waishio kaskazini mwa Thailand, Mae Hong Son na Chiang Mai, wana ngoma hiyohiyo, na huko wapo wachezaji wanaobeba panga nyingi kwa mara moja, nyingine mdomoni na nyingine kwenye maungio ya mwili. Ni ustadi wa kuonyesha. Ile ya panga mbili ni mafunzo kamili.

Kanuni ya panga mbili ni hii: mikono yote miwili ikishashuka, ule uliolala chini ya mwenzake, kwapani, ndio unaoanza mkato unaofuata. Kulia kunakata kutoka juu na kuishia chini ya kwapa la kushoto. Kushoto kunakata kutoka juu na kuishia chini ya lile la kulia. Na kulia, kulikokuwa chini, kunatoka kwa mkato wa kurudi. Ukianzisha mkono wa juu, mikono inafungana na panga zinagongana mbele ya uso wako. Anza bila muziki, hesabu sita, fimbo mbili za sentimita 70. Ngoma ije baadaye. Ngoma ikija mapema mwanafunzi hufuata mdundo na kuacha kifundo cha mkono kikilala, na mkato unakuwa pigo la ubapa.

Siku ya 7: basi hadi Mandalay

Siku nzima barabarani, mlima unashuka, joto linarudi. Kama umebeba dha, usiiweke kwenye buti juu ya injini.

Siku ya 8: Sagaing, wafua fedha wa Ywataung

Ng'ambo ya Ayeyarwady, kijiji cha Ywataung kimeishi kwa kufua fedha vizazi na vizazi. Bamba la fedha hulazwa juu ya ulimbo mgumu, nakshi ikasukumwa kutoka nyuma kwa patasi butu, likageuzwa na kuchorwa kwa mbele. Kwa ala, bamba huviringwa kwenye mti na kufungwa kwa pete.

Tatizo ni mti. Masika huvimba, kiangazi hunywea, na fedha haifanyi hivyo. Ala iliyofungwa kiangazi itaukaba upanga mwezi wa Julai. Iliyofungwa wakati wa mvua itakuwa na pete zinazoteleza mwezi wa Februari. Mti uliokauka miaka kadhaa ndio dawa pekee ya kweli. Na upanga usihifadhiwe ndani ya ala miezi ya mvua, Mei hadi Oktoba: mti unanyonya unyevu na kuuweka shavuni mwa chuma. Uweke nje, umepakwa mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na gundi huziba ala.

Siku ya 9: Pyin Oo Lwin na mpindo wa kinyume

Kilomita 67 mashariki ya Mandalay, juu ya mlima, ndipo palipoitwa Maymyo, kambi ya kijeshi ya Waingereza. Jamii ya Wagurkha, wazao wa askari wa Nepal, iliyobaki hapo ni sababu moja ya kukri, kisu chao kikubwa kilichopinda, kuwa jirani wa dha katika shule za bando. Maung Gyi, mwana wa U Ba Than Gyi aliyekusanya na kupanga mafunzo ya bando, aliipeleka Marekani, akafundisha Ohio katika miaka ya 1960, na shule za huko zinafundisha kukri pamoja na dha.

Zishike zote mbili siku moja. Mpindo wa kukri unainama mbele, makali yakiwa ndani ya tao, na uzito uko mbele: kukri inatema, haitelezi. Aka yake ni fupi, ya karibu, yenye kusimama ghafla. Aliyezoea dha huuzungusha kukri mizunguko mikubwa na kuchoka bega bure. Aliyezoea kukri huitemesha dha na kulegeza lakiri yake. Kwa kujaribu mikato, shina la mgomba lenye kipenyo cha sentimita 15 linatosha kuonyesha tofauti: dha huacha uso laini wa mshazari, kukri huacha uso mfupi uliosagika kidogo chini. Futa utomvu wa mgomba papo hapo, unatia chuma weusi ndani ya dakika chache.

Siku ya 10 na ya 11: treni ya Myitkyina

Ni usiku na mchana, na kuchelewa ni kawaida. Beba maji na chakula.

Huku panga zinabadilika. Wakachin kwa muda mrefu walipata bapa zao kutoka kwa wahunzi Wamaingtha, ambao China huwaita Waachang, watu wa bonde la Husa mpakani Yunnan. Wahunzi hao walitembea milimani msimu wa kiangazi wakifua kijiji hadi kijiji. Husa bado inafua, na mwaka 2006 China iliuandikisha ufundi wake katika orodha ya urithi wa taifa.

Siku ya 12: Myitkyina, Manau

Uwanja wa Manau, ngoma kuu ya Wakachin, una nguzo ndefu zilizopakwa rangi, zenye mistari inayozunguka, na mistari hiyo ndiyo ramani ya ngoma. Mbele wanatangulia naushawng, viongozi waliovaa majoho marefu na kofia zenye mdomo wa hondohondo na manyoya. Nyuma yao safu ndefu za watu hufuata mzunguko uleule, wanaume wakiwa wameinua nhtu, upanga wa Kachin.

Nhtu hupanuka kuelekea mwisho na ncha yake imekatwa, haichomi. Uzito uko mbele, kwa hiyo katika ngoma upanga husimama wima na kupanda na kushuka kidogo kwa kifundo cha mkono, bila mizunguko mipana; kwenye safu iliyosongamana ndivyo inavyopaswa. Ala yake ni ubao wa upande mmoja tu: bapa linaonekana, limeshikwa na vipande vyembamba vinavyovuka, na ala yote imefungwa kwenye pete kubwa ya henzirani inayovaliwa begani, mpini ukikaa mbele. Unachomolewa bila kushika ala kabisa, na kwa sababu hiyo aka ya kutumia ala kama ngao, ile ya Yangon, haina mahali hapa. Mkono wa kushoto unabaki huru, na mafunzo ya Kachin yanautumia kukamata na kusukuma.

Nhtu mpya zinauzwa mjini. Pima kwa kuushika mkononi na kuuacha mkono uning'inie: upanga ukivuta ncha chini kwa nguvu mpaka kifundo kipinde, ni wa kupamba ukuta. Chukua risiti, kwa kuwa sheria ya Myanmar inakataza kutoa nchini vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 bila kibali, na mkaguzi hana njia nyingine ya kujua kuwa wako ni wa mwaka huu. Ala ya wazi haifai kusafirishia. Chomoa upanga, upake mafuta, funika makali kwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara tatu, viringisha kitambaa, ufunge pamoja na ala katika mzigo wa kukabidhiwa, na umwambie mtu wa uwanja wa ndege kilichomo kabla hajauliza.